Albamu za nyimbo za kurudia: ipi uanze nayo ukiwa Mbeya

Nyimbo za kurudia ni zile msanii anazoimba upya baada ya wengine kuziimba. Kama una hela ya albamu moja tu ya aina hiyo, chukua *Raising Sand* ya Robert Plant na Alison Krauss. Plant ndiye yule aliyekuwa akipasua anga na bendi ya rock ya Led Zeppelin. Krauss ni mwimbaji na mpiga fidla wa bluegrass, muziki wa kiasili wa Marekani wa banjo na fidla. Ilitoka 2007, ina nyimbo 13, karibu zote za watu wengine, na mwaka 2009 ikatwaa Grammy ya albamu ya mwaka.

Tuzo siyo iliyonivuta. Plant ameshusha sauti kabisa, anaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na yule dada yuko naye neno kwa neno. Hiyo ndiyo kolabo ninayoipenda, siyo mgeni kuitwa aweke beti moja aondoke. Sikiliza "Please Read the Letter". Plant alishaurekodi na Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, mwaka 1998. Hapa mwendo umepungua, maumivu yameongezeka. Usiku wa Julai pale Uyole, baridi imekaza, naurudia mara tatu.

Ya pili ni *Rock 'n' Roll* ya John Lennon, yule wa Beatles, 1975. Anarudia nyimbo alizozipenda ujanani, na "Stand by Me" yake peke yake inatosha kuitolea hela.

Ya tatu *Pin Ups* ya David Bowie, mwimbaji wa rock wa Uingereza, 1973, nyimbo 12 za bendi za miaka ya 60. Ina nguvu, ila kwa anayeanza naiona ina haraka mno.

Sasa namna ya kununua. Kama bando linaruhusu, lipia na upakue: unamiliki mafaili safi. Ukitaka CD kwa ajili ya redio ya gari, igeuze kabla hujatoa hela. Ya kiwandani huku chini kwa kawaida inang'aa rangi ya fedha. Iliyochomwa kwenye kompyuta mara nyingi ina ubluu au uzambarau. Mimi sikugeuza. Niliinunua kwenye kibanda kimoja Mwanjelwa, nikaondoka nayo nimefurahi, tulipofika Igawilo wimbo wa nne ukaanza kukwama. Iliniuma sana.

Za kujaziwa kwenye flashi sizishauri: waliotunga hawapati chochote, na faili lililobanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde linazififisha zile ngoma nzito za *Raising Sand*. Afadhali umwagize ndugu aliyeko Dar akutumie CD halisi kwa basi.