Polar H10: mkanda wa kifuani kwa mwana-triathloni mwenye presha

Kama unameza dawa za presha za kundi la beta-bloka na bado unaogelea, unaendesha baiskeli na kukimbia, mkanda huu wa kupima mapigo ya moyo ununue. Mimi niliuchukua baada ya daktari wa moyo kuniambia nisivuke mapigo 135 kwa dakika. Bei yake imeniuma, lakini ningeulipia tena leo.

Ile hesabu ya kukadiria kikomo cha juu cha mapigo, 220 kutoa umri, haitufai. Nina miaka 47, kwa hiyo ingenipa 173. Dawa hizi huzuia mapigo yasipande, kwa hiyo unaweza kuwa umeshafika mwisho wa nguvu zako huku namba ikionekana ya kawaida kabisa. Kikomo changu kilipatikana nikikimbia kwenye mashine hospitalini, kifua kimebandikwa nyaya. Tafadhali, chako pia kitoke kwa daktari.

Saa niliyokuwa nikiitegemea zamani husoma mapigo kwa taa zinazomulika ngozi ya mkono. Asubuhi moja nikikimbia kwenye barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa, ikaniandikia 168. Nikasimama, moyo umejaa hofu, nikaweka vidole shingoni na kuhesabu: hata 130 hayakufika. Ile 168 ilikuwa hatua zangu. Saa za aina hiyo zikitikisika huweza kushika mdundo wa miguu zikadhani ni moyo. Mkanda husoma umeme wa moyo wenyewe, na nikianza kupanda daraja la Nyali kwa baiskeli naona namba ikinyanyuka papo hapo, nabadilisha gia mapema.

Umenisaidia zaidi na joto. Februari hapa Mombasa mapigo hupanda hata kama kasi ni ileile, hasa ukikaukiwa maji. Siku hizi nafuata mapigo, kasi naiacha ishuke.

Majini ndipo penye kasoro. Bluetooth haipiti vizuri kwenye maji, kwa hiyo ukiogelea na saa inayoitegemea huoni namba mkononi. H10 ina kumbukumbu ya kuhifadhi zoezi moja, ukaja kulisoma kwenye simu ukishatoka, lakini hiyo haikulindi ukiwa baharini. Na takwimu za Marekani zinaonyesha vifo vingi vya ghafla kwenye triathloni hutokea wakati wa kuogelea. Kwa hiyo siku ya mashindano nitaanzia nyuma ya kundi, nipumue taratibu, nisigombanie nafasi na mtu.

Nilikuwa nimejipanga kwa Ironman 70.3 ya Rubavu, Rwanda: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Nimeiahirisha. Imeniuma sana, kwani nimeitamani miaka. Daktari amekubali nianze na sprinti, yaani mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, kisha tupime tena.

Utunzaji ni rahisi. Lowesha mkanda kabla ya kuvaa, la sivyo dakika za mwanzo namba zitarukaruka. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi, jasho na chumvi ya bahari vitoke. Kile kifaa cha mbele kibandue kila mara, maana kikibaki kwenye mkanda wenye unyevu kinaendelea kula betri. Betri yenyewe ni CR2025, uliza kwa fundi saa yeyote.