FLTK: laibrari ndogo iliyonitoa kimasomaso duka la baiskeli Ngamiani

Nianze na mashine yenyewe maana bila kuijua hamtanielewa kwanini nasifia kitu ambacho kwa macho kinafanana na programu za miaka ya 90. Ni desktopu ya zamani, ramu giga 2, Windows 7, kava la ubavuni halipo pamezibwa na boksi la biskuti. Iko juu ya kaunta ya duka la vipuri vya baiskeli Ngamiani, hapahapa Tanga, na mji huu si mnaujua, baiskeli ndo miguu ya watu, kwa hiyo kuanzia saa mbili asubuhi pale kaunta pamejaa, huyu anataka tyubu ya 28, yule goroli, mwingine kaja na cheni iliyokatika mkononi, grisi mpaka kwenye kiwiko. Mwenye duka alikuwa anaandika mauzo kwenye kaunta buku mpaka siku kaunta buku ilipomwagikiwa chai. Akaniita. "Mwanangu, wewe si umesomea haya mambo? Nitengenezee kitu, ila kompyuta nyingine sinunui."

Kosa langu la kwanza nikatumia Electron, zana ya kutengenezea programu za kompyuta kwa namna ya kurasa za mtandaoni, kwa sababu ndo nilikuwa nimeizoea. Dirisha moja, batani nne, orodha ya bidhaa, basi, lakini programu ikatoka na zaidi ya megabaiti 100 maana kila programu ya namna ile inabeba brauza nzima mgongoni. Kwenye laptopu yangu ilikuwa safi. Pale dukani tuliibonyeza, mzee akaagiza kahawa, kahawa ikaja, akanywa, akarudisha kikombe, na sisi bado tunaangalia skrini nyeupe. Hakusema kitu, alinitazama tu, na hiyo ya kutazamwa ndo mbaya zaidi.

Nikarudi nyumbani nikaanza kutafuta kitu chepesi. Qt, zana nyingine maarufu ya kutengenezea programu zenye madirisha, naijua ni nzuri sana sitaki ugomvi na watu wake, ila kuishusha ile na vikorokoro vyake vyote ni hesabu ya gigabaiti, na mi bando nanunua la wiki. Ndo nikakutana na FLTK. Kirefu chake Fast Light Toolkit, wenyewe wanaitamka "fultiki". Ni laibrari, yaani kodi zilizoandikwa tayari unazozitumia ndani ya programu yako, ya lugha ya C++, ya kutengenezea madirisha, batani, menyu, visanduku vya kuandikia na kadhalika, inafanya kazi Windows, Linux na Mac. Kodi zake zote unazishusha kwa megabaiti chache tu, unakompaili mwenyewe, yaani unazigeuza ziwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha, haikuombi kujiandikisha wala haikuulizi barua pepe.

Mfano wa kwanza kwenye mwongozo wao ni dirisha la 340 kwa 180 lenye boksi ndani limeandikwa salamu kwa herufi nene za kulala zenye kivuli. Nikaandika vilevile ila salamu nikabadilisha nikaweka "Shikamoo mzee", nikakompaili, nikabonyeza. Yaani kidole hakijanyanyuka kwenye mausi dirisha liko pale. Nilidhani nimekosea nimefungua kitu kingine!

Programu nzima ya duka ilipokamilika, na SQLite, hifadhidata ndogo, humohumo ndani ya kuhifadhia mauzo, faili likawa moja tu na halikufika megabaiti 3. Hakuna kuinstoli. Nilienda nalo kwenye fleshi, nikalikopi kwenye desktopu ya mzee, likafunguka palepale. Safari hii kahawa hatukuiagiza.

Sasa historia yake kidogo maana inaeleza kwanini iko hivi ilivyo. Aliyeianzisha ni Bill Spitzak, miaka ya 90 huko Marekani, alipokuwa Digital Domain, kampuni inayofanya kazi za picha za filamu. Walihitaji kitu chepesi cha kujengea zana zao wenyewe, na hata Nuke, programu ya kuunganisha picha za sinema, ilianza kwa FLTK kabla ya kuhamia Qt. Baadaye laibrari ikaachiwa watu, na tangu hapo inatunzwa na watu wanaojitolea, mmoja wao kwa miaka ya nyuma alikuwa Michael Sweet, yuleyule wa CUPS ambayo ndo inaendesha printa kwenye Linux na Mac. Hakuna kampuni nyuma, hakuna ofisi ya mauzo. Watu wana kazi zao za mchana, usiku wanakaa wanarekebisha batani.

Na hilo unaliona kwenye kalenda. Toleo la 1.3 lilitoka 2011, la 1.4 likatoka 2024. Miaka 13! Katikati yalikuwepo marekebisho ya hapa na pale ndio, ila mtu aliyezoea simu inayojibadilisha kila wiki ataona kama mradi umekufa. Kulikuwa na 2.0 pia, ikaanzwa ikafia njiani, wakaendelea na 1. Mi mwanzoni hili lilinitisha, nikajiuliza nikijenga duka la watu juu ya kitu cha watu wanaojitolea, siku wakichoka? Lakini nikageuza upande wa pili, programu niliyoiandika kwa kufuata mifano ya zamani ilikompailika kwenye 1.4 bila kubadilisha karibu chochote. Nionyesheni laibrari za kule kwenye Electron nilikotoka zinazofanya hivyo, kule ukilala siku mbili unaamka nusu ya vitu vyako vimeambiwa vimepitwa na wakati.

Haya, matatizo. Yapo na karibu yote yalinikuta kwa uvivu wangu wa kusoma.

La kwanza ni end(). Kwenye FLTK ukitengeneza dirisha, kila utakachotengeneza baada ya hapo kinaingia ndani yake mpaka useme end(). Nikasahau, dirisha la ripoti likamezwa ndani ya dirisha la mauzo kama kuku kamezwa na chatu, unaona limevimba tu pembeni.

La pili lilinitoa jasho kweli. Ukiipa batani maandishi kwa label() haiyanakili, inakumbuka tu yalipo kwenye memori, na kama yale maandishi yalikuwa ya muda yameshafutwa basi inachora chochote inachokikuta pale. Nikawa naona "Cheni Phoenix" imegeuka alama za kuuliza na vijiti, nikifunga nikifungua imekuwa sawa, nikiongeza bidhaa imeharibika tena. Siku mbili nalaumu fonti, nalaumu Windows, nalaumu umeme. Dawa yake copy_label(), neno moja tu. Imeandikwa kwenye mwongozo, tena wazi kabisa.

La tatu ndo lililonifikisha dukani mbio na pikipiki. Dada wa kaunta kanipigia, "Kaka, programu yako imekimbia." Imekimbiaje? "Nimeandika vitu sita, mteja kaghairi kimoja, nikabonyeza Esc nifute, lote likapotea, na mteja yuko hapa ananiangalia." Kumbe FLTK kwa kawaida Esc inafunga dirisha, na dirisha la mwisho likifungwa programu ndo imekwisha, kwaheri. Vitu sita vyote vilikuwa havijahifadhiwa, hilo ni kosa langu mimi na si la mtu mwingine. Nikaomba radhi, nikawaandikia wale jamaa wa FLTK usiku ule kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Asubuhi naamka nimejibiwa, mtu kaweka na mfano, unaliwekea dirisha kolibaki, yaani kipande cha kodi kinachoitwa tukio likitokea, inayoangalia, kama tukio ni FL_SHORTCUT na kitufe ni FL_Escape basi usifanye kitu. Mistari mitatu. Halafu mwishoni kanikumbusha kistaarabu kabisa kwamba jambo hili limeshaelezwa kwenye mwongozo. Nikacheka peke yangu. Nimewahi kulipia programu nyingine huko nyuma, nikawaandikia tatizo, mpaka leo ombi langu "linashughulikiwa".

Muonekano sasa. Ukiiacha kama ilivyo ni kijivu kitupu, mraba mraba. Weka Fl::scheme("gleam") au "oxy" inakuwa na sura, si mrembo wa kumposa lakini wa kutoka nae barabarani. Kalenda ya kuchagua tarehe haina, nikaunganisha vichaguzi vitatu, siku mwezi mwaka, mzee hajawahi kulalamika. Jedwali lipo ila kila kisanduku unakichora mwenyewe kwa mkono, hiyo ilinila wikiendi nzima, ingawa baada ya kuielewa nikaweza kuweka rangi nyekundu kwenye bidhaa zilizobaki chini ya tano, na hiyo rangi ndo mzee anaionyesha kwa kila mgeni anayeingia. Kupanga vitu dirisha likitanuka zamani kulikuwa mtihani, sasa 1.4 imeleta Fl_Flex na Fl_Grid, afadhali kubwa.

Kuna kimoja sikukitegemea. Toleo la 1.4 ukibonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha programu nzima inakuwa kubwa, maandishi, batani, kila kitu, na mi sikuandika hata mstari mmoja wa hilo. Mzee miwani yake huwa haijulikani iko wapi. Nilipomwonyesha akabonyeza, akabonyeza tena, mpaka neno "Spoku" likajaa nusu ya skrini, akageuka, "Hii uliniwekea mimi?" Nikasema ndio mzee. Mungu anisamehe.

Kuhusu leseni, kwa mnaotaka kuuza kazi zenu, ni LGPL, leseni ya programu huria, yenye ruhusa ya ziada, unaweza kuiunganisha ndani ya faili lako moja na hulazimiki kugawa kodi zako. Nilisoma mara mbili kuhakikisha.

Naipa nne kati ya tano. Kama unataka programu ya kung'aa yenye vitu vinavyoteleza teleza, usije huku utalia. Kama una mashine chovu, mteja mwenye haraka na bando dogo, jaribu, ila mwongozo usome wote kwanza, usifanye kama mimi.

Nyota moja nimeibania kwa sababu ya jambo la juzi. Rafiki yake mzee, ana madrasa, kaja dukani kaona programu, kaipenda, akataka daftari la wanafunzi ambalo majina yataandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nikaenda kujaribu nyumbani. Kuandika kutoka kulia kwenda kushoto ndani ya kisanduku haikai sawa, kishale kinakwenda kwake na herufi zinakwenda kwake. Nikarudi nikamwambia ukweli, shehe, kwa hii haiwezekani, tukubaliane majina kwa herufi hizi za kawaida au nikutafutie njia nyingine. Kasema nitafute njia nyingine, na viazi karai kaninunulia, kwa hiyo sasa sina pa kutokea.