Middenbeemster: kijiji kinachomfaa mtu wa umwagiliaji

Wakulima na mabwana shamba wa Dodoma wanaopata kozi Uholanzi wasiishie Amsterdam. Middenbeemster, kaskazini mwa jiji hilo, inastahili siku nzima. Ardhi yake ilikuwa ziwa hadi 1612, likakaushwa kwa vinu vya upepo zaidi ya 40. Leo iko takriban mita 3.5 chini ya usawa wa bahari, na tangu 1999 ni urithi wa dunia wa UNESCO.

Utamu wote uko mitaroni. Mashamba yamekatwa vipande virefu, takriban mita 180 kwa 900, yakitenganishwa na mitaro. Simama kwenye kizuizi cha maji utazame: upande mmoja maji yako juu, wa pili chini. Pampu zikisimama msimu wa mvua, maji hupanda hadi kwenye mizizi na viazi vinaoza. Sisi kwenye bwawa la Hombolo, Dodoma, tunazuia maji yasiondoke, wao wanayasukuma yatoke. Mtu wa skimu ya umwagiliaji atanufaika mno hapa.

Kodi baiskeli, lakini uliza breki kwanza: nyingi hushika kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Fuata vibao vya namba vinavyoonyesha njia za baiskeli. Upepo ni mkali, hivyo anza kwa kuukabili ungali na nguvu. Kwenye basi gusisha kadi ukipanda na ukishuka, ukisahau unakatwa zaidi. Beba sarafu, maana mayai na viazi huuzwa getini bila muuzaji. Jibini, chukua iliyokomaa. Nenda Mei, ng'ombe wakiwa malishoni. Januari ni baridi na matope.