Testa ya trela ya pini saba: nyota tatu, tena nimeihurumia

Ni plagi ya plastiki yenye vijitaa mgongoni. Unaichomeka kwenye soketi ya trela nyuma ya gari, unawasha indiketa, unakanyaga breki, na kila pini inayopata moto, yaani umeme, inawasha kijitaa chake. Niliinunua Iringa kwa shilingi 15,000 baada ya safari moja mbaya.

Nilikuwa natoka Ruaha Mbuyuni na vitunguu, napandisha mlima Kitonga giza limeshaingia, lori la nyuma likawa linanipigia taa mfululizo. Nikasimama pembeni, kijana wangu akashuka kuangalia. "Kaka, ukiwasha indiketa ya kushoto, taa ndogo nazo zinakonyeza. Ukikanyaga breki, zote zinafifia." Jibu lilikuwa hapo hapo, mimi sikulisikia.

Fundi wa kwanza alibadilisha balbu mbili, kisha akasema waya za trela zimechoka, zivutwe upya zote. Bei aliyotaja ndiyo iliyonipeleka dukani kununua testa.

Nikaichomeka: kila kitu kinawaka vizuri. Basi nikaamini gari halina shida, mgonjwa ni trela. Jumamosi nzima nimelala chini ya trela napiga msasa pale ethi, waya wa kurudisha umeme, inapofungwa kwenye chasisi. Nikaunganisha tena, taa zikakonyeza vile vile.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, dereva mstaafu wa malori. Alikuja na balbu ya indiketa ya wati 21 iliyolehemewa waya mbili, basi. Waya mmoja akaugusisha pini namba 1, ya indiketa ya kushoto, wa pili kwenye chasisi ya gari: balbu ikapiga mwanga mkali. Ule wa pili akauhamishia pini namba 3, yaani ethi ya soketi. Balbu ikawa nyekundu kama kaa linalozimika. Tukafungua soketi: nyuma ya pini ile kumeota kutu ya kijani, na waya umebaki nyuzi mbili tatu za shaba.

Vijitaa vya testa vinakula umeme kiduchu, hata uzi mmoja unavitosha. Balbu ya wati 21 inataka karibu ampea mbili, na taa zote za trela zinarudisha umeme kwa waya ule ule mmoja. Njia ikiziba, umeme unajipenyeza kupitia balbu nyingine, ndiyo maana zinakonyezana. Tulikata waya hadi kwenye shaba safi, tukafunga terminali mpya, tukapaka grisi. Nusu saa.

Kwa nini basi nyota tatu? Kwa sababu moto ukikosekana kabisa, testa hii inakuambia papo hapo. Mwezi uliopita taa ndogo za trela zilizima, ikaonyesha pini 5 na 7 hazina kitu, nikaenda moja kwa moja kwenye fyuzi. Ila ni ya volti 12, usimsikilize muuzaji akikwambia inafaa na lori la volti 24. Na fuata namba zilizochorwa kwenye soketi, si rangi za waya. Soketi yangu iliwahi kufungwa na mtu aliyekuwa na waya mwekundu tu.

Testa ipo kwenye droo ya gari. Balbu ya mzee nayo ipo humo, bado sijamrudishia.