Tahadhari: muuzaji wa vipuri vya ndege za rimoti anayevalisha betri chakavu lebo mpya

Kwa wenzangu wote mnaorusha na kukarabati ndege ndogo za rimoti, hasa mlioko Dar es Salaam na mnaoagizia vipuri kutoka hapa kwenda mikoani: yupo muuzaji anayeuza betri chakavu zilizovalishwa lebo mpya, na anayepokea ndege za watu kwa matengenezo kisha akazirudisha zikiwa zimenyofolewa vipuri vizima na kuwekewa vibovu. Mimi ni mmoja wa aliowaingiza mjini. Sitaji jina la ukurasa wake kwa sababu mbili: shauri nimekwisha kulifikisha polisi, na jina lenyewe amelibadilisha mara mbili tangu Julai, kwa hiyo mtu atakayelitafuta jina hilo atampita mwenyewe mlangoni. Kisichobadilika ni namna anavyofanya kazi, na hiyo ndiyo ninayotaka muijue.

Ndege yangu ni ya povu gumu, mfano wa lile linalofungashiwa televisheni, yenye mota isiyo na brashi, propela ya inchi 10 na betri ya LiPo (aina ya betri ya lithiamu) ya seli tatu ya mAh 2200, yaani kipimo cha chaji inayobeba. Mwezi Juni upepo wa kusi uliiangusha wakati wa kutua, pua ikavunjika, kishikio cha mota kikapasuka na servo moja ya bawa, ile mota ndogo inayosogeza usukani wa bawa, ikafa. Povu huwa naliunga mwenyewe kwa gundi, lakini safari hii sikuwa na nafasi, na huyu bwana alikuwa amejitangaza kuwa ni fundi na pia ni muuzaji. Akataka shilingi 45,000 za matengenezo, na akaniuzia betri mbili "mpya kabisa" kwa shilingi 130,000. Alizungumza kistaarabu mno, kila sentensi "kaka yangu", na kazi anaijua: aliniuliza kitovu cha uzito cha ndege yangu kinakaa wapi kwenye bawa, swali ambalo mtu wa kubahatisha halijui. Tapeli asiyejua kazi hugundulika mapema; huyu anaijua, na ndiyo maana wengi wetu tulimwamini.

Dalili ya kwanza ilikuwepo na niliiona. Namba ya kulipia ilikuwa na jina la mwanamke ambaye hahusiani na jina la ukurasa, na nilipouliza nikajibiwa: "Hiyo namba ni ya shemeji yako, usiwe na wasiwasi." Sikuwa na wasiwasi. Nikalipa fedha yote kabla ya kuona chochote, na jioni yake bodaboda akaniletea ndege ikiwa imefungwa vizuri kwa karatasi, pua imenyooka, imepakwa rangi hata mahali ambapo sikuomba.

Jumamosi asubuhi nikaenda kuirusha Kigamboni kabla kusi haijachachamaa. Nilifanya ukaguzi wote wa kawaida: nikarudi nyuma hatua 30 huku rimoti ikiwa katika nguvu ndogo, servo zote zikaitikia, mota ikanguruma. Ndege ikapaa safi. Dakika ya pili na nusu, ikiwa inageuka upande wa mbali, mota ikalegea ghafla. Nikashusha nguvu ili niiteremshe kwa kuelea, na hapo ndipo nilipogundua kuwa hainisikii tena kabisa, si bawa wala mkia. Ikaingia shamba la mihogo kwa pua. Mzee mwenye shamba alinisaidia kuitafuta, akaiinua kwa kuishika mkia, akaniuliza kwa upole iwapo ilikuwa na bima.

Nyumbani nilianza na betri, kwa kuwa ilikuwa imevimba kama andazi. Nikaiweka kwanza kwenye ndoo ya mchanga uani hadi kesho yake, kisha nikalichana ganda la nje kwa mkasi butu, kwa uangalifu mkubwa, bila kugusa seli zenyewe (na ninaomba msiifanye kazi hii kama hamjui mnachokigusa, kwa maana seli ya LiPo ikitobolewa inaweza kuwaka papo hapo). Chini ya lebo inayong'aa iliyoandikwa mAh 2200 kulikuwa na lebo nyingine iliyochakaa, na juu yake mwenye betri wa zamani alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino "3/21", kama wengi wetu tunavyoandika mwezi na mwaka wa kuanza kutumia betri. Seli zilikuwa ndogo kuliko ganda. Nafasi iliyobaki ilijazwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kijani upande mmoja na njano upande wa pili, kimekatwa vizuri kwa wembe ili betri ijae mkononi.

Betri ya pili sikuwa nimeitumia, nikaipima kwenye mizani ya jikoni. Ikatoa gramu 131. Betri halisi ya seli tatu ya mAh 2200, pamoja na waya na plagi zake, kwa kawaida huwa kati ya gramu 170 na 200, na uzito huo hauna njia ya mkato kwa sababu umeme huo lazima ukae ndani ya kitu. Chaja ikanionesha ukinzani wa ndani wa seli: miliomu 9, 11 na 34. Seli mpya za ukubwa huu huonesha namba ndogo na, muhimu zaidi, zinazokaribiana. Nikaitoa chaji kwanza kwa chaja, kisha nikaichaji upya taratibu kwa ampea 1 nikiwa nimesimama pembeni. Ilipofika kujaa ilikuwa imepokea mAh 1,040, chini ya nusu ya nilichokilipia.

Wapo watakaosema kuwa betri dhaifu inafupisha tu muda wa kuruka. Si hivyo. Kidhibiti cha mota, ile ESC, hukagua volti za betri nzima na si za seli mojamoja, kwa hiyo seli mbili nzima zinaweza kuifichia ya tatu inayokufa mpaka mota ikatike angani. Hatari kubwa zaidi iko nyumbani. Tunachaji kwa kufuata lebo: mAh 2200, basi ampea 2.2. Kama ndani mna seli za mAh 1300 zilizochoka, hizo ampea 2.2 ni mara 1.7 ya kiwango chake cha kawaida, nawe umeamini kuwa unachaji kwa upole. Lebo ya uongo inamdanganya mwenye betri, kisha mwenye betri anaidanganya chaja bila kujua, na mambo haya yote hutendeka mezani sebuleni, karibu na pazia, watoto wakiwa wamelala. Fedha yangu ningeweza kuinyamazia. Hili la moto ndilo lililonifanya niandike.

Sasa kuhusu matengenezo. Betri mbovu ilieleza kwa nini mota ililegea, lakini haikueleza kwa nini servo zilikufa zote kwa pamoja, kwa sababu seli tatu hata zikichoka hubakiwa na volti za kutosha kulisha risiva, kile kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti. Nikafungua tumbo la ndege. ESC yangu ya ampea 30 ilikuwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa nyingine iliyobandikwa lebo ya ampea 30, ila waya zake ni nyembamba, nayo ni ndogo na nyepesi kama zile za ampea 20. Mota yangu ikiwa katika nguvu zote hunywa ampea 21. Nilikwisha kuipima siku nyingi. Kifaa hicho kikazidiwa na joto, na ile sehemu yake inayotoa volti 5 kwa risiva na servo nayo ikakata. Ndiyo maana ndege ilikuwa kiziwi. Servo mpya niliyotozwa kuwa ni ya gia za chuma ilikuwa ya gia za plastiki, yenye gramu 9, jambo ambalo ningelijua kwa kuigeuza tu kwa kidole.

Nilimwandikia nikamtumia picha zote. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba "kaka yangu" nimeirusha kwa pupa. Jibu la pili lilikuwa kwamba betri zikishatoka dukani hazirudi. La tatu halikuja, kwa kuwa alikwisha kunifungia. Ningebaki na shaka kwamba pengine ni uzembe na si wizi, lakini siku nne baadaye rafiki yangu akaniletea simu yake kunionesha tangazo jipya la muuzaji huyohuyo: "ESC ya ampea 30, imetumika kidogo, bei ya kutupa." Pichani, pembeni mwa plagi ya njano, ulikuwepo mstari wa kalamu ya bluu na nukta mbili chini yake, alama ninayoiweka mimi kwenye kila kifaa changu, pamoja na lile donge baya la risasi nililolilehemu mwenyewe mwaka jana na ambalo siku zote nililionea aibu. Alikuwa ananadi mali yangu hadharani.

Tangu hapo nimezungumza na watu wawili waliopatwa na mambo kama yangu. Kijana mmoja wa Mwanza alitumiwa betri kwa basi, ikafika ikiwa imevimba, naye akaambiwa ni joto la njiani. Mwingine, wa Morogoro, alipeleka ndege ikiwa na mota nzima akarudishiwa yenye beringi iliyochoka, ambayo ukiizungusha kwa mkono inakwaruza. Wote wawili walilipa kwa namba ya "shemeji".

Nakiri kwamba uhaba ndio unaotupeleka kwa watu wa aina hii. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipiga marufuku betri za lithiamu-ioni, LiPo zikiwemo, zinazosafirishwa peke yake kupakiwa kama mizigo katika ndege za abiria, na abiria mwenyewe hubeba betri za akiba katika mkoba wa mkononi tu, zikiwa zimezibwa ncha, zisizozidi saa-wati 100 kila moja bila idhini ya shirika la ndege. Hii yetu ina kama saa-wati 24, kwa hiyo inaruhusiwa kwa njia hiyo, ila ni lazima uwe na mtu anayesafiri. Asiye na ndugu Dubai wala rafiki anayerudi kutoka Guangzhou husubiri meli, au humsikiliza muuzaji anayesema mzigo uko tayari leo. Mimi sikutaka kusubiri.

Kama mtalazimika kununua kwa mtu msiyemjua, nendeni na mizani ndogo ya jikoni na kipima volti, na mpimie hapo hapo mbele yake kabla fedha haijatoka. Betri mpya hutoka kiwandani ikiwa na chaji ya nusu tu, kila seli ikiwa na volti 3.8 au jirani yake, na seli zote zikilingana. Mimi zangu zilifika zikiwa na 4.17, 4.16 na 3.91, nami nikafurahi kwamba amenichajia. Ibonyezeni betri ubavuni kwa kidole gumba: seli ni ngumu, sponji inabonyea. Anayekataa betri yake isipimwe, mwacheni nayo. Na kabla ya kuacha ndege kwa fundi yeyote, fungueni tumbo lake mpige picha za kila kifaa mbele ya fundi, alama zenu zikionekana. Fundi mwaminifu hatachukia, na huenda akashukuru, maana picha hizo zinamlinda na yeye.

Aliyekwisha kutapeliwa asifute mazungumzo hata kama yanamtia hasira. Mimi nilihifadhi ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala, picha za tangazo lenye alama yangu na za zile betri mbili, nikaenda navyo kituoni nikapewa RB, yaani namba ya taarifa ya polisi. Afisa aliyenipokea hakuwahi kuiona ndege ya rimoti, lakini mstari wa bluu katika picha mbili aliuelewa mara moja. Namba ya simu inayotumika kwa utapeli hutumwa pia kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, na suala la bidhaa bandia ni la Tume ya Ushindani. Msitarajie kampuni ya simu irudishe fedha kama iliyotumwa kimakosa, kwa sababu hamkukosea namba. Mlilipa kwa hiari yenu.

Betri iliyochanwa bado iko kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya nyumba, mbali na ukuta, nayo nimeiacha humo kama kielelezo. ESC yangu sijui iko kwa nani sasa. Aliyeinunua, yenye mstari wa bluu na nukta mbili, sitamdai airudishe, kwa maana naye kauziwa. Namwomba tu anitumie picha yake na ujumbe wake wa malipo, niviongeze kwenye jalada.