Google Patents ilivyonifundisha kusoma madai ya hataza

Nina karakana ndogo Morogoro, natengeneza mashine za kukanyaga za kupukuchua mahindi. Mwaka jana nilimlipa mtu aniandikie maombi ya hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wako. Akaniletea dai moja tu, yaani sentensi inayotaja kile hasa kinacholindwa, refu kama mkeka: pedeli mbili, mnyororo wa baiskeli, ngoma ya chuma yenye meno 48... Nikafurahi, kila kitu changu kimo!

Kumbe hapo ndipo penye tatizo. Anayeiga huhesabiwa ameingilia dai akiwa na kila kilichotajwa ndani yake. Jirani aking'oa mnyororo akafunga mkanda, tayari ana pa kutokea.

Hilo nililielewa usiku mmoja nikiwa Google Patents, tovuti ya Google ya kutafuta na kusoma hataza, ambayo ni bure na haihitaji kujisajili. Nilifungua hataza ya Marekani namba US5960411, ile ya Amazon ya 1999 ya kununua kwa kubofya mara moja. Ina madai 26, na yale tegemezi yamesogezwa ndani kidogo, hivyo unaona kwa jicho lipi dai mama na yapi watoto wake. Mtoto hubeba masharti yote ya mama, kisha huongeza lake. Dai la 1 ni la njia, yaani hatua za kuagiza. La 6 ni la mfumo upande wa mteja, la 9 upande wa seva. Uvumbuzi ni uleule.

Nikajiuliza, mbona wanarudiarudia? Jibu ni yaliyotokea 2007: hataza ilipopitiwa upya, mkaguzi wa ofisi ya hataza ya Marekani alikataa dai la 1 hadi la 5 na la 11 hadi la 26. La 6 hadi la 10 yakasimama. Yaliyokataliwa Amazon iliyabana kwanza kwa kuyaongezea masharti, ndipo yakapita 2010.

Basi nikachukua daftari. Dai mama: ngoma yenye meno inayozungushwa kwa mguu kupitia kiungo cha kuhamisha mwendo, pamoja na kile kipya nilichobuni mimi, maana bila hicho lingegongana na mashine za zamani. Mnyororo ukashuka dai la 2, meno 48 la 3. Mwishoni nikaweka dai la njia ya kupukuchua.

Google Patents naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu Kiingereza cha madai ni kigumu, na hali ya kisheria inayoonyeshwa pale (kama hataza bado ina nguvu au la) ni makadirio tu, wenyewe wameandika hivyo.

Wakala wangu mpya wa hataza alisoma daftari akauliza kwa nini meno 48. Nikamwambia ndiyo yaliyoenea kwenye bati nililokuwa nalo.