Bima ya gari kubwa hapa Malindi: uliza kwanza eksesi ni asilimia ya nini

Mlango wa nyuma wa X-Trail yangu una rangi mbili. Jua likiupiga utaiona fedha ya kiwandani, na karibu na kitasa utaiona ile iliyochanganywa na fundi, imepauka. Tuktuk ilinikwangua nikitoka sokoni, dereva akapotelea vichochoro vya Barani. Moyoni nikasema si kitu, nina bima kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari langu mwenyewe. Fundi wa bodi akapiga hesabu: rangi, taa ya nyuma, kazi, jumla 41,000. Kampuni ikajibu kwamba haina cha kunilipa.

Sababu ni neno ambalo ajenti wangu hakulitaja hata mara moja: eksesi. Hiyo ni sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Niliambiwa "asilimia 2.5 tu, dada," nami nikaelewa ni ya bili ya fundi, yaani kama 1,025. Kumbe ni ya thamani ya gari zima. Langu lilithaminiwa milioni 1.8, kwa hivyo eksesi yangu ni 45,000. Hasara ya 41,000 yote ikawa yangu.

Tangu nilisimulie jambo hili, wasomaji kadhaa wameniandikia kisa hicho hicho, na karibu wote wana magari ya bei ya juu. Si ajabu. Mwenye Vitz ya laki 5 hutozwa kiwango cha chini kabisa cha eksesi, mara nyingi 15,000. Mwenye Prado ya milioni 4 ana eksesi ya laki nzima. Kadiri gari linavyopanda bei, ndivyo mikwaruzo ya kila siku, ya tuktuk, ya mkokoteni, ya nguzo ya geti, inavyobaki juu yako. Miongozo yote niliyosoma hulinganisha bei ya mwaka, hili wakalipita.

Bei yenyewe haina fumbo. Bima kubwa ya gari la kibinafsi huzunguka asilimia 4 ya thamani. Kwangu ni 72,000, ukiongeza tozo ya mafunzo 0.2% na ya mfuko wa fidia 0.25%, zote za hiyo bima na si za gari, ni 324, kisha stempu 40. Jumla 72,364.

Ninayoiweka ya kwanza, bila kusita, ni bima kubwa yenye kifungu cha kufuta eksesi. Kampuni nyingi hukiuza kando kwa takriban 0.25% ya thamani. Kwa gari langu ni 4,500. Shilingi 4,500 zingelipa ule mlango wote! Ongeza na kifaa cha kufuatilia gari, kwa sababu likiibwa bila kifaa hicho eksesi ya wizi hufika asilimia 10, na kwangu hiyo ni 180,000.

Na kampuni? Mimi nimehamia Takaful Insurance of Africa, na nasema wazi kwamba ndiyo niipendayo. Ilianza 2011, nayo hufuata sharia ya Kiislamu: michango yetu huingia kwenye mfuko wa pamoja, na ziada ikipatikana wanachama wana fungu lao. Moyo wangu umetulia hapo. Lakini nao wana eksesi, kwa hivyo swali ni lile lile, waulize.

Kwa wanaopanda Lamu kupitia Garsen na Witu, ombeni pia kifungu cha ghasia za kisiasa na ugaidi, kwa kawaida hakimo ndani. Na gari likibaki Mokowe nyinyi mkivuka kwa boti, ulizeni wizi wa mahali hapo unahesabiwaje. Mafuriko nayo yaandikwe kwa jina. Sabaki ikijaa hakuna wa kubishana naye. Kutu ya chumvi ya bahari msiidai, hiyo hailipwi na yeyote.

Ya pili ni bima kubwa tupu, bila kifungu hicho. Inafaa gari likipinduka au likiibwa, basi. Wala usikubali thamani ishushwe ili ulipe kidogo: ukikata bima ya milioni 1.2 kwa gari la milioni 1.8, kampuni inaweza kukulipa theluthi mbili tu ya hasara.

Ya tatu ni thadi pati pamoja na moto na wizi, kwa gari lililozeeka ambalo kampuni zinakataa kulikatia bima kubwa. Thadi pati pekee inatimiza sheria, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, na humlipa uliyemgonga. Gari lako haligusi.

Linaloniuma zaidi ni hawa mawakala. Pesa ya M-Pesa ikiingia, cheti kinafika simuni kabla chai haijapoa. Hati yenyewe ya bima, yenye kurasa za eksesi, niliidai wiki tatu. "Mamangu, iko njiani." Niliipata siku niliyokwenda mwenyewe ofisini kudai, na ule mstari ulikuwa ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo kuliko za kwenye boksi la panadol. Sasa silipi hadi nitumiwe ukurasa huo kwanza. Wakala wawili wamekataa. Wa tatu ameutuma usiku ule ule, na huyo ndiye ninayemlipa.